Distrikti ya pili ya Maine, kura zake na sisi tuliohamia

Haya ndo niliyoongea Jumamosi iliyopita kwenye ukumbi wa chini ya kanisa hapa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Walikuwepo watu wa Fizi na watu wa Uvira kule Congo, Warundi, na ndugu zetu Wasomali Wabantu waliojifunzia Kiswahili kwenye kambi za Kenya, Dadaab na Kakuma. Wengi mlikuwa shifti, mkaniomba niandike, basi naandika kama nilivyosema, nimepunguza tu pale tulipokatizwa na watoto.

Mama zangu na baba zangu shikamooni, vijana habari zenu. Naanza na kitu kimoja ili tusielewane vibaya, sijaja kumpigia mtu kampeni, sina chama cha kuwauzia. Nimekuja kwa sababu kazi yangu ni ukalimani, nawasindikiza watu hospitali, shule, ofisi za manispaa, na nimeona wengi wetu tumeshaapa, tumepata uraia, cheti kipo kabatini kwenye bahasha ileile yenye karatasi za UNHCR za kambi ya Nyarugusu, Tanzania, lakini ukimuuliza mtu mbunge wako nani anakujibu "yule wa Maine". Sasa mbunge mmoja wa Maine hayupo. Kule Washington kwenye Bunge la chini Maine ina wabunge wawili, mmoja wa distrikti ya kwanza, yaani Portland na pwani ya kusini, na mmoja wa distrikti ya pili ambayo ndo sisi. Distrikti ni eneo la uchaguzi la mbunge mmoja, naita distrikti kwa sababu nikisema jimbo mtachanganya na jimbo lenyewe la Maine.

Distrikti yetu ni kubwa mno. Ni kilomita za mraba karibu 70,800, yaani chukua Burundi yote ukaiunganishe na Rwanda yote bado hujaijaza, alafu ndani ya eneo lote hilo wanaishi watu kama 680,000 tu. Mashariki ya mto Mississippi hakuna distrikti yenye eneo kubwa kuliko hii. Sisi Lewiston ambao tupo kama 37,000 ndo mji mkubwa kuliko yote humo ndani, Bangor inafuata, baada ya hapo ni misitu, mashamba ya viazi ya Aroostook, blueberry za Washington County ambazo wengine mmeshaenda kuzichuma, na wavuvi wa lobsta huko pwani ya mashariki. Watu zaidi ya 7 kati ya 10 wanaishi vijijini. Kutoka hapa mpaka Fort Kent mpakani na Canada ni mwendo wa gari wa karibu saa tano na bado uko kwa mbunge yuleyule.

Watu wa Marekani wakiangalia ramani wanasema hii ni nchi ya chama cha Republican, vijijini, wazungu, wawindaji, imeisha. Nimesoma historia yake na nawaambia sivyo ilivyo.

Miaka ya mwanzo kweli Republican walitawala. Mwaka 1940 mbunge wa hapa Clyde Smith alifariki, mke wake Margaret Chase Smith wa Skowhegan akagombea nafasi ile akashinda. Huyu mama alikuwa amefanya kazi ya kuunganisha simu, akafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo za sufu, sio mtoto wa tajiri. Akakaa miaka 8, mwaka 1948 akachaguliwa Seneti, mwanamke wa kwanza Marekani kukaa kwenye mabunge yote mawili. Na mwaka 1950, wakati seneta Joseph McCarthy anawatisha watu kwa kuwaita wakomunisti na wenzake wamenyamaza, mama huyu alisimama Seneti akampinga, na walikuwa chama kimoja. Alitokea kwenye kiti hiki hiki chetu, ingawa mipaka ya wakati ule ilikuwa tofauti maana Maine ilikuwa na distrikti tatu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Na kitu kingine cha zamani, Maine ilikuwa inapiga kura ya wabunge wake Septemba, sio Novemba kama wengine, mpaka mwaka 1958 ndo ikawa mwisho. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa inaitazama Maine kwanza.

Sasa hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kuna watu wa distrikti hii ambao walikaa wakitazama wenzao wanapiga kura. Wapenobscot wa kisiwa cha Indian Island pale karibu na Old Town, na Wapassamaquoddy wa kule mashariki, hao ndo wenyeji wa ardhi hii kabla ya mtu yeyote. Jimbo la Maine lilikuwa haliwaruhusu wale wanaoishi kwenye ardhi zao za kikabila kupiga kura ya taifa mpaka mwaka 1954, na kura za jimbo lenyewe mpaka 1967. Elfu moja mia tisa sitini na saba, wakati huo Congo ina uhuru wa miaka 7! Mtu amezaliwa hapa, babu yake na babu wa babu yake wamezikwa hapa, vijana wao wameenda vitani na jeshi la Marekani, na siku ya uchaguzi anabaki nyumbani. Mimi nikikumbuka tulivyokaa Nyarugusu, Watanzania wanapiga kura nje ya kambi na sisi tunasikiliza matokeo kwenye redio, kidogo naelewa, lakini kidogo tu, maana sisi ilikuwa nchi ya watu na wao ilikuwa kwao.

Alafu kuna Wafaransa wa Lewiston. Hawa walishuka kutoka Quebec kule Canada kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya pamba, lile jengo la Bates Mill mnalopita kila siku lilijaa wao, mtaa wao pembeni ya mto unaitwa Little Canada mpaka leo. Walichukiwa kwa lugha na kwa dini ya Kikatoliki, mwaka 1919 ikapitishwa sheria shule za serikali zifundishe kwa Kiingereza tu, na miaka ya 1920 Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, ilikuwa na nguvu hapa Maine na waliokuwa wanawindwa ni wao. Mimi jirani yangu wa ghorofa ya chini ni bibi wa miaka themanini na kitu, siku ya kwanza alinisikia nagombana na simu kwa Kifaransa cha Congo akafungua mlango akanijibu kwa Kifaransa chake cha Quebec, tukaongea pale ngazini mpaka maharage yangu yakaungua. Akaniambia shuleni walikuwa wanaadhibiwa wakiongea lugha ya mama zao. Na akaniambia baba yake alikuwa na kitu kimoja asichokikosa, siku ya uchaguzi anavaa koti la Jumapili, anaenda na kaka zake wote. Watu kama hao ndo waliokipa chama cha Democratic nguvu hapa, na mwaka 1956 distrikti ya pili ikamchagua Frank Coffin, mzaliwa wa hapahapa Lewiston, wa Democratic, kwenye jimbo ambalo watu walidhani halibadiliki.

Tangu hapo kiti kimekuwa kinaenda huku na huku, na mimi naona hakiangalii chama sana, kinaangalia nani amefika. Sikilizeni ya William Cohen. Mwaka 1972 alikuwa meya wa Bangor, Republican kijana, kiti kilikuwa wazi maana William Hathaway wa Democratic alikuwa amekiacha akagombee Seneti, na kweli akamshinda yule mama Smith. Cohen akaamua kuitembea distrikti kwa miguu. Kwa miguu kabisa! Akaanzia Gilead mpakani na New Hampshire akaenda mpaka Fort Kent, zaidi ya maili 600, njiani analala kwenye nyumba za watu asiowajua. Hebu mfikirie mkulima wa viazi anaona kijana anakuja barabarani vumbi mpaka magotini, anamkaribisha ndani, anakula naye, asubuhi anaondoka. Mtu kama huyo utamnyima kura? Alishinda. Na mwaka 1974, kwenye kamati ya Bunge iliyomchunguza rais Nixon, alikuwa mmoja wa Republican wachache waliopiga kura Nixon ashtakiwe, rais wa chama chake, na watu wa hapa wakamrudisha tena Bungeni.

Baada yake Olympia Snowe mwaka 1978, mjane mwingine, yatima aliyelelewa na shangazi na mjomba pale Auburn ng'ambo ya mto wetu. Mume wake alikufa kwa ajali ya gari akachukua nafasi yake kwenye bunge la jimbo, baadaye akakaa kwenye kiti chetu miaka 16. Smith, Hathaway, Cohen, Snowe, wote wanne walitoka kwenye kiti hiki wakaenda Seneti. John Baldacci wa Bangor akafuata mwaka 1994, Democratic, mwaka ambao nchi nzima Republican waliteka Bunge na hapa ikawa kinyume, huyu familia yake ilikuwa na mgahawa na kampeni zake alikuwa anawapikia watu tambi. Yeye akawa gavana.

Kisha Mike Michaud mwaka 2002, na huyu wanaume waliofanya kazi viwandani mtamwelewa. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi cha Great Northern, East Millinocket, karibu miaka 30. Anaingia Bungeni Januari 2003, na mwezi uleule kiwanda chake kinatangaza kufilisika. Nimefika Millinocket, nilimpeleka mteja mmoja, mji umejengwa kwa ajili ya kiwanda kimoja na kiwanda hakipo, nyumba nzuri kabisa zimefungwa mbao madirishani. Kituo cha ndege za kijeshi cha Loring kule Limestone kilifungwa 1994, Millinocket ikafungwa 2008, East Millinocket na Bucksport zikafungwa 2014. Ukitaka kujua kwa nini watu hawa waliochagua Obama mara mbili, 2008 na 2012, waligeuka mwaka 2016 wakampa Trump kwa tofauti ya asilimia kama 10, usianze kwenye televisheni, anzia kwenye mageti ya viwanda hivyo. Simlazimishi mtu akubaliane na kura yao, nasema tu hawa ni watu wenye uchungu wa kweli kama sisi tulivyo na wa kwetu.

Na kura ile ya 2016 ilikuwa na uzito kwa sababu Maine, na Nebraska peke yao, wanagawa kura za wajumbe wanaomchagua rais kwa distrikti, majimbo mengine mshindi wa jimbo anazichukua zote. Sheria ya Maine ni ya 1969, ikaanza kutumika 1972, na miaka yote distrikti mbili zilikuwa zinaenda pamoja, mpaka 2016 ya pili ikaenda njia yake. Ikarudia 2020 na 2024. Kwa hiyo kura yenu ya rais nyie wa Lewiston ina hesabu yake peke yake, tofauti na binamu yako aliyeko Portland.

Sasa tufike mwaka 2018, hapa naomba wale walioshika simu waziweke chini kidogo.

Mwaka 2016 wananchi wa Maine walipitisha kwa kura ya maoni mtindo mpya, kura ya kupanga. Badala ya kuchagua mtu mmoja unawapanga, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ni kama mama alivyokuwa anakutuma dukani kambini, nenda kalete dagaa, kama dagaa zimeisha leta maharage, kama hamna maharage njoo na sombe. Mtoto asiyeambiwa la pili anarudi mikono mitupu, na usiku mnalala njaa. Ndo hivo tu, hakuna uchawi.

Novemba 2018 mbunge alikuwa Bruce Poliquin, Republican, akapambana na Jared Golden, Democratic, mwanajeshi wa zamani wa marini aliyepigana Afghanistan na Iraq, anaishi hapahapa Lewiston. Walikuwepo wengine wawili wasio na chama, Tiffany Bond na Will Hoar. Raundi ya kwanza Poliquin akapata kura 134,184, Golden 132,013. Poliquin yupo mbele kwa 2,171. Ingekuwa mtindo wa zamani ameshinda, mchezo umeisha. Lakini hakufika nusu, kwa hiyo kura za distrikti yote zikapelekwa Augusta, mji mkuu wa jimbo, kutoka visiwani na kutoka vijiji vya watu mia moja na kitu, wakawatoa Bond na Hoar, wakaangalia kila aliyewachagua hao ameandika nani anayefuata. Golden akaongezeka 10,427, Poliquin 4,747. Mwisho 142,440 kwa 138,931. Golden ameshinda kwa kura 3,509. Mara ya kwanza katika historia ya Marekani mtu kuingia Bunge la taifa kwa mtindo huo, na mara ya kwanza mbunge aliyepo madarakani kuangushwa distrikti hii tangu 1916, alipoangushwa Daniel McGillicuddy ambaye naye alishawahi kuwa meya wa Lewiston hii hii. Miaka 102. Poliquin akaenda mahakamani, jaji akamkatalia, na gavana wa wakati ule Paul LePage akasaini cheti cha matokeo huku ameandika juu yake kuwa uchaguzi umeibwa. Mimi naona haukuibwa, karatasi zilikuwepo, zilihesabika, na yeyote angeweza kujumlisha kama nilivyojumlisha mimi mezani kwangu.

Lakini namba ninayotaka mwondoke nayo leo ni nyingine. Waliowachagua Bond na Hoar walikuwa 23,427. Ukitoa zilizoenda kwa Golden na zilizoenda kwa Poliquin zinabaki 8,253. Hizo ni karatasi za watu walioamka asubuhi, wakaendesha gari kwenye baridi, wakapanga foleni, na raundi ya mwisho ilipofika hawakuwa na jina lolote kati ya yale mawili yaliyobaki. Zimewekwa pembeni. Elfu nane mia mbili hamsini na tatu, na mshindi amepatikana kwa elfu tatu mia tano na tisa!

Hili linaniuma kwa sababu mimi ni mmoja wao, ingawa sio mwaka ule. Niliapa 2021, kura yangu ya kwanza ikawa Novemba 2022. Golden na Poliquin tena, na Bond tena. Nikapewa karatasi ile kubwa na kalamu nyeusi, nikaenda kwenye kibanda, mkono unatetemeka. Majina yameshuka kushoto, safu za viduara zinaenda kulia, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikajaza kiduara kimoja kwenye safu ya kwanza, vizuri kabisa, sikutoka hata mstari. Safu nyingine nikaziacha nyeupe kwa sababu niliogopa kwamba nikigusa pengine kura itaharibika. Niliyemchagua sitasema. Nilipofika nyumbani nikasikia kwenye redio kura za Bond zitagawanywa kwa chaguo la pili, nikakaa kitandani na viatu vyangu. Nimekaa miaka 17 kambini bila kura, nimepata kura, alafu nimeitumia nusu, na hakukuwa na mtu wa lugha yangu wa kuniambia.

Kuhusu Golden nisiseme mengi, mnamjua, ana tabia ya kupiga kura peke yake, mwaka 2021 alikuwa Democratic pekee Bungeni aliyekataa ule mswada mkubwa wa Biden wa huduma za jamii. Na baada ya tarehe 25 Oktoba 2023, tuliopoteza mtu na tusiopoteza wote tunaijua tarehe hiyo, watu 18 waliuawa kwa bunduki hapa mjini kwetu, kesho yake alisimama akasema alikosea kupinga marufuku ya bunduki za kivita kama ile iliyotumika, akaomba msamaha. Kwenye distrikti ya wawindaji. Mwaka uliofuata Trump alishinda distrikti hii kwa mbali na Golden akarudi kwa kura kama 2,700 hivi. Jumlisheni watu wazima tuliopata uraia Lewiston na Auburn miaka hii, mtaona 2,700 ni watu wangapi.

Novemba 2025 ametangaza hagombei tena. Kwa hiyo kwenye uchaguzi wa mwaka 2026 kiti kiko wazi. LePage yule yule, mzaliwa wa Lewiston, mtoto wa Kifaransa kutoka familia ya watoto 18, anakitaka upande wa Republican, na Democratic nao wana wao. Mchujo ni Juni, uchaguzi wenyewe tarehe 3 Novemba. Kama hujajiandikisha chama chochote unaweza kupiga kura ya mchujo, unachagua upande mmoja. Mwambieni kila mgombea aje hapa, akae kwenye viti hivi, ale ugali. Cohen alitembea maili 600, wao wana magari.

Kujiandikisha unaenda manispaa kwa karani wa mji na kitu cha kuonyesha wewe ni nani na unaishi wapi, na ukichelewa unaweza kujiandikisha siku ileile palepale kituoni. Mwaka 2011 bunge la jimbo lilijaribu kuiondoa haki hiyo, wananchi wakairudisha kwa kura.

Na naomba sana, hili nitalirudia mlangoni mkitoka, mwenye grinkadi, yaani kibali cha kuishi bila uraia, asijiandikishe. Mwenye asailam, yaani ombi la hifadhi, inayosubiri asijiandikishe. Mtu akikuletea fomu ukaisaini bila kuelewa, unaweza kupoteza njia ya uraia, unaweza kurudishwa. Kama hujui uko wapi njoo uniulize kabla, sio baada.

Hapo ndo nilimaliza kuongea, tukaingia kwenye mazoezi. Nilikuwa nimechora karatasi mwenyewe na kuzitoa kopi, wagombea wanne, dagaa, sombe, maharage na ndizi. Watu 37 wakapiga. Raundi ya kwanza dagaa 14, sombe 13, maharage 6, ndizi 4, wa Uvira wakapiga vigelegele wakidhani wameshinda. Tukatoa maharage na ndizi, tukasoma safu zinazofuata kwa sauti moja baada ya nyingine, sombe ikapata 6 ikafika 19, dagaa ikapata 2 ikaishia 16. Karatasi mbili zikabaki mezani hazina pa kwenda. Mama mmoja mzee wa Fizi akasogea akaiangalia moja akasema hii ni yangu, mimi niliweka maharage tu, akaomba kalamu amalizie. Nikamwambia mama, Novemba hawatakurudishia. Akaniangalia, akaiweka chini, akasema basi nipe nyingine nyeupe niende nayo nyumbani.